Maji ya Peke Yetu

Kambi ya Barabara, Ngorongoro, chini bondeni
8 Julai 1984

Mama Germana,

Felisiani msimamizi amenipa karatasi, na mimi naandika upesi kabla hajabadili mawazo. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Mgongo huu si ule niliotoka nao Baray mwezi wa tano.

Tunajaza mawe pembeni mwa kinamasi kikubwa ili magari ya wageni yasizame wakati wa masika. Asubuhi ni mawe. Mchana tunaingia majini mpaka mapajani kukata matete yanayoziba makalavati. Ruba wananipenda kuliko ulivyonipenda wewe mwaka wa kwanza. Tukitoka tunawabandua miguuni huku tunatukanana.

Humu wanashinda ndovu wazee, wenye pembe za kukaribia kugusa chini. Moloimet, Mmasai anayeshusha ng'ombe wake kulamba chumvi, anasema magego yao yamekwisha. Hawawezi tena magome ya miti, ndiyo maana wanafuata majani laini ya majini. Wanayang'oa, wanayapigapiga majini kuondoa tope, ndipo wanakula. Nikamwambia Qamara, "Hao ni sisi tukizeeka, tutaishia kwenye uji." Akasema, "Wewe uji umeshaanza." Kweli, ndicho tunachokula.

Qamara ni Mwiraqw mwenzetu wa Mbulumbulu. Tunalala hema moja na tunanywea kikombe kimoja, maana chake alikiacha majini na kiboko akakikanyaga. Mkewe Antonia anatarajia kujifungua mwezi wa kumi. Nikamwambia wewe utamtangulia.

Mzigo wako unaendeleaje? Nilipoondoka ulishaanza kupiga teke. Niandikie. Barua mpe Matano, dereva wa Zaidi mwenye duka Karatu. Yeye ndiye anayeleta unga hapa kambini, na huko Baray anafuata vitunguu.

Mumeo,
Josephati

*

Baray
29 Julai 1984

Baba Germana,

Barua imefika ikinuka dizeli. Tupo. Germana ameng'oka jino la mbele na sasa anacheka kwa kufunika mdomo kama bibi harusi.

Mvua hakuna. Mto wa chini umebaki mchanga. Watu wote wanabanana na mifugo yao pale kisimani, na mimi sipendi kubanana. Ng'ombe wetu nawapeleka kinamasini, nyuma ya mafunjo. Hata yule wa madoa ambaye kaka yako Clemensi aliweka kwetu, naye yupo nao. Ng'ombe wanakunywa mpaka matumbo yanalia.

Kinamasi kinapungua, lakini chemchemi za katikati bado zinatoa maji. Kambare wamejazana kwenye madimbwi, migongo yao inaonekana. Korongo wa kila aina wamekuja kuwala. Juzi nilikuta kiota cha korongo taji. Amelaza majani juu ya maji akafanya kitanda, mayai yako juu. Dume lilinitazama, halikuondoka. Nikarudi nyuma kidogo kidogo, nikamwambia samahani baba, nimekosea nyumba.

Nasuka mikeka kwa mafunjo. Inanunuliwa.

Mengine utayakuta.

Evarista

*

Kambi ya Barabara, Ngorongoro
14 Agosti 1984

Mama Germana,

Nimesoma barua yako, nikairudia, halafu nikamsomea Moloimet pale ng'ombe wake wanapolamba chumvi. Aliacha kuchonga fimbo. Akasema, "Huyo mwanamke ameingia mbali sana." Korongo taji hajengi ukingoni. Anajenga ndani kabisa, kwenye maji yaliyosimama na majani ya kufika kifuani, ili mbweha asimfikie. Kama umeuona uso wa dume, basi ulikuwa katikati ya kinamasi, una ng'ombe, na tumbo juu.

Una nini? Kisimani kuna watu wa kukusaidia kuvuta mnyama akikwama. Huko ndani ni nani atakusikia? "Sipendi kubanana," ndiyo sababu hiyo? Tangu lini wewe usipende watu? Wewe ndiye uliyekuwa unanichelewesha kanisani kwa maongezi.

Kama ni lazima, basi sikiliza. Usiwapitishe ng'ombe kwenye mafunjo marefu. Huku nawaona nyati kila siku, wanasimama kwenye majani mafupi ya kijani pembeni, yale yaliyo kama zulia. Hapo chini ni pagumu. Wapitishe hapo.

Lakini afadhali usiende kabisa. Nimemwandikia Clemensi awachukue ng'ombe wote, awanyweshe pamoja na wake.

Na mzigo? Nimeuliza, hukujibu. Mwezi ujao ndio wenyewe. Mama yako amekuja kukaa nawe?

Josephati

*

Baray
2 Septemba 1984

Mdogo wangu Josephati,

Nimepata barua yako. Ng'ombe wako siwezi kuwachukua. Yule wa madoa ni wangu na hata yeye siwezi kumchukua.

Usiniulize sababu. Mwenye kusema ni mkeo. Ameniomba nisiseme, nami nimekubali. Siku hizi hatuingii kwako, wala yeye hapiti kwetu. Mama yake pia haendi. Usidhani ni ugomvi.

Fanya kazi yako. Mahindi yamekauka, tunategemea bondeni kwa vitunguu.

Kaka yako,
Clemensi

*

Kambi ya Barabara, Ngorongoro
10 Septemba 1984

Evarista,

Barua hii sikumpa Matano. Nimempa mtu wa misheni anayepita Karatu. Utaelewa kwa nini.

Clemensi anasema hawaingii kwangu na si ugomvi. Kama si ugomvi, ni nini kinachomfanya mtu amkimbie ng'ombe wake mwenyewe? Nilikaa na barua hiyo siku nzima ndani ya maji. Nilikata matete mpaka Felisiani akaniambia, "Bwana, acha mengine ya kesho."

Juzi Matano alileta unga. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema, "Kwako tunasimama kila wiki siku hizi." Nikamuuliza, kwa jirani pia? "Hapana, kwako tu." Nikamuuliza hali yako, na tumbo. Akainama kutazama tairi. Tairi halikuwa na kitu.

Qamara alisikia yote. Akawa anazungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na sukari. Nikamwambia, "Sema."

"Sina la kusema."

"Unalo. Unazungusha."

"Zaidi ana gari na duka," akasema. "Wewe una ruba."

Nilitaka kumpiga. Baadaye nikaona amesema nilichokuwa nasema mwenyewe.

Nakuuliza mara moja. Ni Zaidi? Ndiyo maana ndugu zangu wamekukimbia? Ndiyo maana unajificha kwenye mafunjo usionekane na watu? Na hicho kilicho tumboni, mbona hukitaji? Mimi sikusoma sana, lakini kuuliza mara mbili bila kujibiwa hata mara moja najua kuhesabu.

Felisiani amenipa ruhusa ya siku chache mwisho wa mwezi. Nitapita kwanza Mbulumbulu. Qamara amemnunulia Antonia blanketi na asali ya Wamasai, amenituma nivipeleke, nami nitalala kwao usiku mmoja. Halafu nakuja Baray. Uwepo.

Josephati

*

Baray
19 Septemba 1984

Baba Germana,

Usiende kwa Antonia. Soma hilo kwanza. Hata kama utaitupa barua hii, usiingie nyumba ya Antonia, usiguse mlango wake. Namtuma Matano apite kambini hata kama hana unga wa kuleta.

Sasa soma.

Mtoto alitoka mwezi wa sita, kabla ya wakati. Nilikuwa ukingoni mwa kinamasi nakata mafunjo ya mikeka. Gari la Zaidi lilikuwa barabarani limekuja kununua, na mkewe, Mwamini, alikuwamo. Yeye ndiye aliyenisikia. Alivua viatu akaingia topeni na kanga zake nzuri. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Mwamini alimfunga kwenye kanga yake moja, mimi akanifunika na nyingine, akarudi barabarani amevaa gauni la ndani na koti la Matano. Zaidi hakushuka garini. Alikaa ameinamia usukani mpaka tulipomaliza. Huyo ndiye Zaidi wako.

Nilipofika nyumbani habari zilishafika. Clemensi alisimama nje ya uzio, kofia mkononi, akasema neno lenyewe: metimani. Unalijua: ni kutengwa kwa nyumba iliyopoteza mimba. Tumekaa tukiona wengine wanawekwa humo, na mimi nimewahi kuvuka njia nisikutane nao. Sipokei mtu, siendi kwa mtu. Moto wangu ni wangu. Kisimani sifiki, na ng'ombe wangu hawachanganyiki na wa wengine, hata yule aliyewekwa kwetu, maana amelala zizini kwetu. Germana haendi shule. Mama yangu anaweka unga kwenye jiwe la mpakani, anaondoka, ndipo mimi naenda kuuchukua. Namwona mgongo.

Padri alikuja mara moja. Alisema haya ni ya zamani, akasali, akaondoka. Yeye haishi hapa. Mwenye mke mja mzito hapa kijijini akiniona nakuja analia. Nitamlazimisha? Mimi mwenyewe ningelia.

Mwamini hayuko kwenye desturi hii. Anakuja kila wiki, anaingia mpaka uani, anakaa kitako, anakunywa chai kwenye kikombe changu. Anasema mikeka yangu ina vinundu, anainunua yote. Bila yeye ningesahau sauti ya mtu mzima.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu mume naye yumo. Ungejua, ungelazimika kumwambia unayelala naye hema, naye angehama siku hiyohiyo. Wote wa kwetu hapo kambini wangekwepa kubeba jiwe moja na wewe. Felisiani angekaa na mtu wa namna hiyo? Nikaona ukiwa hujui, huna kosa. Halafu ulipoandika kwamba mnanywea kikombe kimoja na mume wa mwanamke anayetarajia, nikashindwa kulala na nikashindwa kuandika. Kila siku niliyokaa kimya ilifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Hilo ni langu, sikusingizii wewe wala mila.

Sasa la ng'ombe. Nilikuwa na njia yangu kwenye mafunjo. Marefu, ndiyo, lakini mizizi yake imeshikana kama mkeka na ng'ombe walishaizoea. Wewe ukaandika nipite kwenye majani mafupi kama zulia. Nikatii, kwa sababu nilikuwa nimekuficha jambo kubwa na nilitaka angalau nikutii katika dogo. Baba Germana, huko kwenu nyati wamekanyaga miaka na miaka. Hapa hakuna nyati. Hapa majani mafupi yanaota mahali ambapo maji yametoka wiki iliyopita. Juu ni ngozi, chini ni uji.

Yule wa madoa alikuwa mbele. Alizama mpaka kifuani. Nilikata mafunjo nikamtandikia, Germana akawa ananiletea, tukamsukuma, tukamwimbia, tukamtukana. Niliita watu. Walikuja wakasimama mbali kwenye ardhi kavu, wanaume wa kutosha kumnyanyua ng'ombe na gari. Clemensi alikuwepo. Alikuwa anamtazama ng'ombe wake. Alinyoosha mkono, akaurudisha, akafunika uso. Sikumchukia. Mkewe ndiyo kwanza ananyonyesha mtoto wa miezi miwili.

Jua lilipokuwa linashuka ng'ombe aliacha kupiga kichwa. Nyama yote ile, na njaa hii, na hakuna wa kuila. Majirani hawawezi kwa sababu ni ya zizi letu. Mwamini hawezi kwa sababu hakuchinjwa. Mimi na Germana hatukuweza kwa sababu tulimjua. Wamekula fisi na korongo wale wenye upara. Sasa mainzi wa kijani wamefuata, na vyura wameacha kulia upande ule.

Umeuliza ni nani. Nimekujibu.

Evarista

*

Kambi ya Barabara, Ngorongoro
26 Septemba 1984

Mama Germana,

Barua ilinikuta nafunga mzigo. Blanketi la Antonia lilikuwa juu kabisa, asali katikati. Matano alinipa akasema, "Mama Mwamini amesema usome mbele yangu." Nikasoma mbele yake. Akageuka akalitazama lile tairi lake tena.

Sijui niandike nini kuhusu mtoto. Nimekaa. Nimekwenda kwenye maji nikakata matete ambayo hayakuwa yanaziba kitu.

Nilitaka kunyamaza. Nakueleza ukweli. Nilifikiri: Antonia amebaki wiki chache kujifungua, mimi sitaenda kwake, blanketi atapeleka mwingine, Qamara hatajua. Kazi nitabaki nayo. Halafu jioni akanikaribisha chai, kikombe kilekile, mkono wake umeshanyooka.

Nikamwambia, "Usinipe."

"Kina nzi?"

"Mke wangu aliharibikiwa mimba. Yuko metimani. Mimi pia."

Alibaki ameshika kikombe hewani. "Tangu lini?"

"Mwezi wa sita."

"Josephati. Tumekunywa wote tangu mwezi wa sita."

"Sikujua."

"Na maji? Yalikuwa hayajui?"

Akaweka kikombe chini taratibu kama kina moto. Akakunja blanketi lake la kulalia, akalichukua na lile la Antonia, asali akaiacha. Kwenye mlango wa hema akasema, "Asubuhi ningekuwa nakusindikiza uende kwa mke wangu." Hakulisema kwa hasira. Ndiyo maana limeniuma.

Asubuhi wote walikuwa wanajua. Katika mstari wa mawe kila mtu anampa mwenzake. Nilipofika, mstari ukakatika mahali pangu. Felisiani ni mtu wa Singida, hakuelewa. "Mmepigana?" Kila mtu akainama kuchukua jiwe lake. Akasema, "Basi wewe bwana nenda kakate matete peke yako." Nikaenda. Saa nzima nikasikia kitu kinakata upande wa pili wa matete. Alikuwa Qamara. Alisimama mbali, maji yakiwa katikati yetu, akapaza sauti: "Mwambie mkeo pole. Mwambie imetoka kwa Qamara." Halafu, "Na wewe usinijibu. Nenda."

Felisiani amesema siku chache alizonipa zilikuwa za mtu atakayerudi. Nikirudi na mstari ukakatika tena, nafasi yangu anampa mwingine. Nimemwambia ampe leo.

Kuhusu Zaidi, nimemtuma Matano amwambie Mwamini asante. Kwa Zaidi mwenyewe bado natafuta neno.

Kuhusu majani mafupi, nilikuwa nasema nisichokijua. Niliona nyati wa watu nikadhani naijua ardhi yangu.

Nakuja. Barabara ya kijijini siwezi kupita, inakatiza nyua za watu na kisima. Matano atanishusha upande wa ziwani. Nitapita kwenye kinamasi. Niambie njia. Nitasubiri jibu kwenye kibanda cha vitunguu cha Zaidi, kule bondeni, ambako hakuna wa kwetu.

Josephati

*

Baray
1 Oktoba 1984

Baba Germana,

Matano anasubiri huku injini inanguruma, kwa hiyo nisikilize vizuri, na ufuate yangu kama mimi nilivyofuata yako.

Ingia asubuhi jua likiwa limeshapanda, uone rangi ya maji. Maji meusi yaliyotulia ni chemchemi, kina chake ni kirefu, zunguka. Maji yenye vumbi la kutu juu ni mafupi, pita. Usikanyage kijani kifupi popote, hata kama kinakuchekea. Pale alipolala yule wa madoa bado mifupa inaonekana, pita mbali upande wa kulia.

Mafunjo yakianza, kanyaga kwenye mashina, si katikati yao. Ardhi itatikisika kama kitanda kibovu. Usiogope, na usisimame sana. Utamwona ndege mwekundu mwenye vidole virefu anatembea juu ya majani ya yungiyungi. Usimfuate, yeye anakanyaga jani, hana habari na udongo. Vyura wakinyamaza mbele yako ni kwa sababu yako. Wakinyamaza nyuma yako, geuka utazame.

Korongo taji wameangua. Vifaranga wana rangi ya mchanga na wanaogelea kabla ya kujua kuruka. Dume limekuwa kali. Likija mbio limetandaza mabawa, inamisha kichwa upite pembeni. Usilipigie kelele. Lina nyumba.

Ukifika kwenye maji ya kiunoni, ita. Nitakuwa ng'ambo na ng'ombe waliobaki. Germana ameomba aingie kukulaki, nimemkatalia, atakusubiri ukingoni. Usishangae akifunika mdomo.

Clemensi anajua unakuja. Jana alisimama kwenye jiwe la mpakani akaweka jembe jipya na mbegu za maharage, akasema kwa sauti kama anaongea na jembe, "Wakilima chao wawili, mvua ikija watavuna." Halafu akaondoka. Ng'ombe hakumtaja.

Sijui tutakaa hivi mpaka lini. Wazee watasema. Kazi umeiacha, na mimi sikukutuma uiache. Kama umekuja kunionea huruma, huruma ya watu wa kunipa mgongo ninayo ya kutosha. Kama umekuja kukaa, kuna kazi: mafunjo ya kukata, ng'ombe wa kunywesha, na mikeka yenye vinundu. Na kama bado una swali la Zaidi, lizamishe njiani.

Mtoto nilimlaza ukingoni, mahali pakavu, ambapo maji hayafiki hata masika. Nitakupeleka kabla hujala.

Hakuna jirani atakayekuja kukupa mkono. Hakuna atakayesema hodi, wala kuuliza ulikotoka kukoje, wala kukuambia neno ambalo watu huambiwa wanaporudi kwao. Kwa hiyo naliandika mimi, usije ukafika ukalikosa.

Karibu nyumbani.

Evarista